Ndizi za Sadaka

Mwizi wa mkungu ule alikuwa na adabu zake. Aliukata mara moja kwa kisu kikali, bila kuchanachana mgomba, kisha akapaka majivu pale palipokatwa kama mtu anayetibu kidonda cha mtoto. Hata majani makavu yaliyoanguka aliyakusanya pembeni. Fahima alisimama mlangoni mwa nyumba ya plastiki ya kukuzia miche, funguo zikimning'inia kidoleni, akayatazama yale majivu. Hakuhitaji kujiuliza sana. Katika mji mzima wa Rumonge alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na mazoea ya kupaka migomba majivu, na mtu huyo alikuwa dada yake, waliyelala naye chumba kimoja.

Mkungu wenyewe haukuwa wa kuliwa. Kituo cha utafiti cha njia ya Kigwena kilikuwa kikikuza miche ya michikichi tangu zamani, na hakuna aliyekuwa na neno nacho. Kisha, katika mwaka mmoja ambao vita vilipoa kidogo, akaja Profesa kutoka Ulaya, mtu mrefu mwenye haya, na vichupa vyenye migomba midogo isiyozidi kidole. Ndani ya migomba ile, alisema, walikuwa wamepandikiza kitu cha kirusi cha surua. Si kirusi kizima. Ni sura yake tu, ile ngozi ya nje, ili mwili wa mtoto atakayekula ndizi uizoee sura hiyo na kuitambua siku adui mwenyewe atakapobisha hodi. Chanjo isiyotaka sindano wala barafu, inayoota uani kwa mtu. Fahima, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, aliyeisomea mimea kwa jasho na kwa dharau za watu, aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika dini. Risasi ziliposogea tena, Profesa aliondoka, akaahidi kurudi mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Vita sasa vilikuwa katika mwaka wake wa nane, wafanyakazi wenzake walikuwa Kigoma au makaburini, na Fahima alibaki akimwagilia.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua. Katika majani ya miche, mashine za Ulaya zilikuwa zimeiona ile sura ya kirusi, kwa kiasi kidogo. Katika tunda hakuna aliyewahi kutazama, maana tunda halikuwapo. Mgomba wa kwanza ulipozaa, Fahima alifunga safari kwenda Bujumbura kutafuta maabara yenye umeme na mtu wa kumpimia. Alikuta milango imefungwa, na palipokuwa wazi, mashine zimefunikwa vumbi. Alipotaka kurudi, barabara ilikuwa imefungwa na washambuliaji kule Minago. Akangoja, akangoja, hadi akapata nafasi katika boti ya wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Nyuma yake, mkungu haukumngoja. Uliiva.

Alimkuta dada yake, Biasha, uani nyumbani akichambua ndagala, mwanawe Rachid amejilaza mapajani. Rachid alikuwa amezaliwa baada ya baba yake, dereva wa lori, kuuawa njiani kule Gitaza. Biasha alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto, watu wakimhesabia miaka na kunong'ona, ndipo akapewa huyu mmoja na kunyang'anywa mume. Alimlea kwa hofu. Hata ziwani hakumruhusu kugusa maji ila amemshika mkono.

"Dada, mukungu uko wapi?"

"Karibu kwanza. Amahoro? Umefika salama?"

"Amahoro. Mukungu uko wapi?"

"Watoto wamekula," Biasha alisema, wala hakuinua macho. "Nimefanya sadaka. Surua imeingia kambini kule juu, kwa wakimbizi, wanazika kila siku. Kule dispensaire frigo ya kuweka chanjo baridi imekufa, hakuna petroli, hakuna chanjo. Wewe hauko. Ndizi zinaiva, zinaanza kudondoka. Ningengoja nini?"

Fahima alijua sadaka hiyo ilivyo, kwa sababu alikula sadaka za namna hiyo tangu utoto wake. Balaa likikaribia mtaa, watu huwakusanya watoto wote, wa tajiri na wa maskini, huwalisha kwenye sinia moja, na mwalimu huwasomea dua ubani ukifuka. Mikono ya watoto ndiyo inayopokewa upesi mbinguni. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojikinga na kipindupindu, na risasi, na njaa.

"Sikupika hata moja," Biasha aliendelea. "Nilikumbuka vile ulisema, moto unaua dawa. Nimekata vipande vidogo vidogo, kila mutoto apate. Maalimu Amuri amesoma dua mpaka machozi yakamutoka. Rachid amekula wa kwanza."

Fahima alikaa juu ya kinu kilicholala. Hasira zilimpanda, zikakutana na kitu kingine alichoona haya kukitaja. Miaka yote ile ya kumwagilia, ya kuziba matundu ya risasi kwenye plastiki kwa gundi, na sasa ndizi zimeingia vinywani mwa watoto. Alitaka kujua. Kati ya maswali yote aliyopaswa kuuliza, lililomtoka ni moja.

"Zilikuwa tamu?"

"Tamu sana," dada yake alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Chanzo cha yote kilikuwa ni ulimi wa Fahima mwenyewe. Sikukuu ya Idi iliyopita, katika ua ule ule, alikuwa amewaeleza wageni kazi yake. Alisema siku moja, Mungu akijalia, huenda mtoto atakula ndizi na surua isimguse. Alisema "siku moja". Alisema "huenda". Maneno hayo mawili aliyasema kwa uaminifu wote wa msomi, lakini nani anayeondoka karamuni na "huenda" mfukoni? Watu waliondoka na "ndizi" na "surua".

Kabla ya hapo mtaa ulikuwa ukimwita Bi Migomba. Alipita na makopo yake ya miche, wanawake wakaulizana kwa sauti ya kusikika kama amekwisha kupata mume kule shambani au bado anamsubiri aote. Bingwa wa mizaha hiyo alikuwa Kabibi, jirani mwenye watoto wengi na ulimi mkali kuliko pilipili. Sasa, siku iliyofuata, Kabibi ndiye aliyekuja mlangoni na chupa ya mawese mapya.

"Dokta," alisema, na wala hakucheka. "Murakoze, asante. Mungu akuzidishie."

Dokta! Fahima alipokea chupa. Alipaswa kusema pale pale kwamba hazijapimwa, kwamba hajui. Alifungua mdomo, akashukuru. Alijiambia atasema kesho, watu wakitulia. Kesho yake ukaja wali wa nazi, na mama mmoja aliyemletea mtoto mchanga amshike kichwa. Zikapita siku. Kule kambini mlimani walikuwa wakizika, na mtaani hakuna mtoto hata mmoja aliyekohoa. Fahima alijua kwamba hilo si ushahidi wa kitu, kwamba ugonjwa haujateremka tu. Alilijua vizuri sana. Hata hivyo kila asubuhi alitega sikio kwa nyumba za jirani, na kila asubuhi ya kimya moyo wake uliruka kwa furaha ya kijinga.

Ndipo boti ikaja. Barabara ikiwa bado imefungwa, shirika moja la misaada lilikuwa limeamua kuleta chanjo kwa njia ya ziwa: masanduku ya barafu, sindano, na wauguzi wawili wenye hofu waliotaka kuondoka kesho yake mchana, kabla hali haijabadilika. Walitandaza meza uwanjani pa shule, karibu na soko la samaki. Watu wa kambini waliteremka na watoto migongoni. Wakatoka Wakongomani wa mwambao, wakatoka wavuvi. Siku ile ikaisha bila mtoto hata mmoja wa mtaa wa Waswahili kuonekana.

Asubuhi iliyofuata Modeste, muuguzi wa zahanati ya mji, alimfuata Fahima nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala.

"Madamu Fahima, ile mambo ni ya kweli? Wamama wa huku wanasema watoto wao wamekwisha kula chanjo."

"Si kweli, Modeste."

"Iko kweli ao si kweli? Kwa sababu saa sita boti inaenda. Na jana nimeona watoto wawili wa kambini wanacheza hapa kwenu, pale bombani. Mumoja alikuwa na macho mekundu. Ugonjwa umekwisha kushuka, madamu. Uko hapa."

Fahima alijifunga kitambaa chake na kwenda bombani, mahali ambapo wanawake walikuwa wamepanga bido zao, madumu ya maji, akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Kwamba kitu kimepandikizwa ndani ya mgomba, ndiyo. Kwamba hakuna aliyepima tunda. Kwamba hata kikiwamo, labda ni kidogo mno. Kwamba hajui.

Kabibi alimsikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.

"Sasa Dokta, inaweza kuwa imo?"

"Inaweza. Lakini..."

"Na inaweza kuwa inatosha?"

Fahima alisita. Alikuwa mkweli, na ukweli ulikuwa ule. "Labda," alisema.

"Basi alhamdulillahi," Kabibi alisema, akageukia bido yake. "Na dua imesomwa. Mutoto amekula dawa, tena nimutie sindano ya watu wa boti? Dawa mbili katika damu moja si zitapigana?"

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Fahima aliona namna uaminifu wake ulivyokuwa ukiteleza juu yao kama maji juu ya jani la mgomba. Kila "labda" aliyoitoa waliipokea kwa mikono miwili na kuifanya "ndiyo". Nao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezika vya kutosha, na mtu aliyezika vya kutosha akipewa mlango mdogo hupita.

Alikwenda kituoni karibu kwa kukimbia. Mgomba wa pili ulikuwa na mkungu uliokomaa, bado wa kijani, wa mwisho aliokuwa nao. Ule ndio aliokuwa ameapa hautaguswa hadi apatikane mtu wa kuupima. Aliukata. Hakupaka majivu. Aliubeba kichwani, utomvu ukimtiririka hadi shingoni na kuitia nguo madoa yasiyotoka, akarudi hadi pale bombani, watu wakimfuata kwa udadisi. Mbuzi wa Kabibi walikuwa wamefungwa ukutani karibu na bomba. Fahima aliutupa mkungu miguuni mwao.

Mbuzi hawana staha. Waliuvamia, wakatafuna maganda na yote, wakipigana pembe.

"Tazameni!" alipaza sauti, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Ingekuwa dawa, ningewapa mbuzi? Hamna kitu ndani! Ni ndizi tu! Nimewadanganya, na yule Muzungu alinidanganya mimi. Mumekula ndizi, basi! Kimbilieni meza ile, boti inaondoka!"

Kabibi alitema mate chini, karibu sana na mguu wa Fahima, akamwinua mwanawe mdogo mgongoni na kuwaita wengine kwa majina. Akaondoka nao kuelekea uwanjani, karibu mbio. Wanawake wengine wakamfuata. Baadhi walimtukana Fahima wakipita, na yeye alifurahi kutukanwa, maana waliotukana walikuwa wakikimbia.

Alipogeuka alimwona Biasha. Alikuwa amesimama kichochoroni, Rachid mkononi, macho yake kwenye mdomo wa mbuzi. Mkungu ule na ule wa sadaka ilikuwa ya shina moja, ndugu wa tumbo moja, na Biasha alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Majirani wawili waliokuwa wakipita walimtazama, mmoja akaguna. Biasha alimbeba mwanawe, akaingia ndani na kufunga komeo.

"Dada, fungua," Fahima alisema mlangoni. "Dada, nakuomba. Lete Rachid."

"Umelisha mbuzi sadaka yangu."

"Nisamehe. Nitakuomba msamaha maisha yangu yote, lakini lete mutoto. Boti inaondoka."

"Nimewaita watoto wa watu, nimewalisha kwa jina la Mungu, Maalimu amelia. Leo unaniambia mbele ya mutaa nzima nimewalisha chakula ya mbuzi." Sauti ilikuwa tulivu, nayo hiyo ndiyo iliyotisha. "Nikitoka hapa na Rachid, ni mimi mwenyewe nasema sadaka yangu haikupokelewa. Wewe hauna mutoto, Fahima. Enda kwa migomba yako."

Fahima aligonga hadi mkono ukavimba. Boti iliondoka. Modeste, Mungu amlipe, alikuwa amebakiza chupa moja ya chanjo iliyokwisha kuchanganywa, ameizungushia barafu ya mwisho ndani ya kopo. Alikuja nayo akakaa kizingitini pamoja na Fahima. Chanjo ikishachanganywa hailali. Barafu ikawa maji, maji yakawa vuguvugu. Adhana ya alasiri ilipita, mlango haukufunguka. Jua lilipoinamia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Modeste aliinuka, akaenda kando, akaimwaga chupa mchangani.

"Pole, madamu," alisema.

Fahima alihamia kituoni. Wiki mbili zilikuwa hazijatimia aliposikia. Rachid alianza kwa macho mekundu na kikohozi, kisha vipele vikamshuka kutoka nyuma ya masikio. Biasha alimpaka mawese, akamfunika, akafunga dirisha, na hakuruhusu mtu kulitaja jina la ugonjwa ndani ya nyumba. Watoto wengine kadhaa wa mtaa waliugua pia, kidogo, wakapona. Hao walikuwa wamefika mezani. Rachid ugonjwa ulimwingia kifuani. Fahima aliruhusiwa kumwona mara moja tu, na mbavu za mtoto zilikuwa zikizama kwa kila pumzi kiasi kwamba Fahima alijikuta akipumua kwa nguvu, kana kwamba anaweza kumsaidia.

Rachid alikufa siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Wanawake walioingia kumwosha hawakumwita Fahima. Alisimama nje na bido ya maji, na mtu alipotoka kuichukua hakumtazama usoni. Kabibi alikuwa miongoni mwa waoshaji. Wakati wa kutoka alimpita Fahima, akarudi hatua moja.

"Wangu wako wazima," alisema kwa sauti ya chini. Hakuonekana kama anashukuru wala kama analaumu. Akaenda zake.

Baada ya maziko Fahima alichukua panga na kuangusha migomba yote ndani ya nyumba ya plastiki, mikubwa na midogo. Haikumchukua muda mrefu, kwa kuwa mgomba ni maji tu. Alikata akilia, na alipomaliza alilala kwenye mkeka wa ofisini bila kunawa utomvu mikononi.

Biasha alikuja siku chache baada ya khitma. Alikuja kwa miguu, kwa barabara ya Kigwena, katikati ya michikichi ambayo hakuna aliyekuwa akivuna. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutazama visiki. Migomba midogo ilikuwa imekwisha kuanza tena: katikati ya kila kisiki kilichokatwa, jani jipya lililokunjwa lilikuwa likijisukuma juu, jeupe kwa chini, kijani kwa juu.

"Ulisema mbele ya watu wote haina kitu," Biasha alisema.

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

Jibu rahisi lilikuwepo, na lingekuwa na huruma. Angeweza kusema alipima. Biasha hangekuwa na njia ya kujua, na angelala usingizi, akijua kwamba ndizi zilikuwa bure na dua ilikuwa bure na hakukuwa na kitu chochote ambacho mwanawe alikuwa amepewa kikashindwa kumkinga. Fahima aliitazama mikono yake yenye madoa meusi.

"Sikujua," alisema. "Nilitaka wakimbie."

"Na sasa?"

"Sijui, dada. Hakuna mutu anajua. Labda zilikuwa na kitu kidogo. Labda hazikuwa. Sijui."

Upepo uliingia kwa matundu ya plastiki na kuitikisa.

"Ungeniambia mimi hivyo," Biasha alisema. "Ile siku umerudi. Mimi peke yangu, nyumbani: dada, sijui. Ningemubeba mwenyewe mpaka kwa boti." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini wewe uliniuliza kama zilikuwa tamu."

Biasha aliinuka. Fahima alidhani anaondoka, lakini alikwenda nje, kwenye mafiga ambapo Fahima alikuwa akipikia, na akarudi na majivu katika viganja viwili. Aliinama kwenye kisiki cha kwanza na kuanza kupaka palipokatwa, taratibu, pande zote, akiacha katikati pawe wazi kwa ajili ya lile jani. Kisha akaenda kwenye kisiki cha pili.

"Ukijua," alisema bila kugeuka, "njoo uniambie. Hata nikiwa muzee."

Majivu yalikwisha kabla ya visiki kwisha. Fahima alitoka kwenda kuleta mengine.